Skana safi, mkono umelala: kusoma picha ya kwanza ya kiharusi

Karatasi ya majibu ya skana, yaani picha ya CT ya kichwa, ina mstari mmoja: hakuna damu, ubongo wa kawaida. Kitandani, mkono wa kulia wa mgonjwa hauinuki, mdomo umevutwa upande, maneno hayatoki. Ndugu waliomleta kutoka mtaa wa Kadutu wanatazamana. Wamechanga dola za skana kwa shida, na sasa mashine inasema papa (baba) hana kitu. Mmoja anauliza kama si afadhali wamrudishe nyumbani wakamtafutie dawa kwingine.

Karatasi haikudanganya, imesomwa vibaya. Skana inayopigwa katika saa za kwanza za kiharusi (AVC, kama wengi Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanavyokiita kwa Kifaransa) inajibu vizuri swali moja: je, kuna damu iliyomwagika ndani ya fuvu? Kuhusu mshipa ulioziba, picha hiyo hiyo inaweza kukaa kimya huku ubongo unakufa njaa. Kiharusi kinatambuliwa kando ya kitanda, kwa kumtazama mgonjwa na kumpima. Picha inakuja baadaye kusema ni kiharusi cha aina gani, kimeenea kiasi gani, na dawa ipi isiguswe.

Aina ni mbili. Ya kwanza, mshipa unaziba na sehemu ya ubongo inakosa damu. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya nyama ya ubongo. Kichwa kuuma ghafla, kutapika na kusinzia haraka huelekeza kwenye kupasuka, lakini haviaminiki vya kutosha kumchagulia mtu dawa. Tazama suala la presha peke yake. Mgonjwa ana 190/100. Kama ni damu iliyomwagika, presha hiyo inashushwa mapema, namba ya juu ikilengwa karibu na 140, kwa sababu donge linaweza kuwa bado linakua. Kama ni mshipa ulioziba, na mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha donge lililouziba, 190 hiyo inaachwa: ndiyo inayosukuma damu kidogo ipite kwenye vijia vya pembeni. Kwa kawaida hushughulikiwa ikipita 220/120. Kama atapewa dawa ya kuyeyusha, kwanza ishuke chini ya 185/110. Namba ni ile ile na mtu ni yule yule, lakini amri zinapingana, na kinachoamua ni picha. Kwa hiyo wanaosema skana haina maana mahali ambapo dawa ya kuyeyusha donge haipatikani wanakosea. Bila picha hata aspirini haiwezi kutolewa kwa amani, na wale wanaompa mgonjwa kidonge nyumbani kabla ya safari wanacheza bahati nasibu na donge la damu.

Kabla ya yote, kidole kitobolewe na sukari ipimwe. Sukari iliyoshuka sana inaweza kulaza upande mmoja wa mwili kama kiharusi chenyewe, na inatibiwa kwa dakika chache bila skana yoyote.

Kwa nini mkono unalala kabla ya picha kubadilika

Ubongo mzima hupata takriban mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kila dakika. Damu ikishuka chini ya 20 hivi, seli zinaacha kufanya kazi: mkono unalala, ulimi unakwama. Lakini hazijafa. Zinajibana, zinasubiri. Damu ikishuka chini ya 10 hivi ndipo pampu za seli zinapokufa na maji yanaanza kuingia mahali yasipotakiwa. Skana haioni seli iliyonyamaza. Inachoona ni maji.

Eneo lililo kati ya namba hizo mbili wataalamu wanaliita penumbra, ukingo wa kivuli, na ndilo tiba yote ya saa za kwanza inalipigania. Mgonjwa mwenye dalili nzito na picha safi, basi, mara nyingi ni mtu ambaye ubongo wake mwingi bado unaweza kuokolewa. Kumrudisha nyumbani kwa sababu picha ni safi ni kugeuza habari njema kuwa msiba. Hesabu moja iliyochapishwa mwaka 2006 ilikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hupotea kila dakika.

Kipimo cha kijivu

Skana ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kuifikiria hesabu yake akiwa Cape Town. Afrika, kwa hiyo, haikuwa mgeni tangu mwanzo.

Mashine inakipa kila kitu namba katika vipimo vya Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni kama −1000, mafuta yako karibu na −100, mfupa mgumu unafika mamia na zaidi. Damu iliyoganda iko kati ya 60 na 80. Sehemu ya kijivu ya ubongo, yaani gamba la nje na viini vya ndani, iko kati ya 35 na 40. Sehemu nyeupe iko kati ya 25 na 30, kwa kuwa imejaa mafuta. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa: kwenye skana, sehemu ya kijivu ndiyo inayong'aa zaidi, na ile inayoitwa nyeupe ndiyo iliyofifia.

Kati ya hizo mbili pana tofauti ya vipimo kama 10 tu. Maji ya nyama ya ubongo yakiongezeka kwa asilimia 1, namba inashuka kwa takriban 2.5. Asilimia 3 au 4 za maji zinatosha kuishusha sehemu ya kijivu mpaka ifanane na jirani yake, na mpaka kati yao unafutika. Hiyo ndiyo siri yote ya dalili za mapema. Usitafute doa jeusi. Tafuta mstari uliokuwepo upande mmoja na kupotea upande wa pili.

Jicho la mtu haliwezi kutenganisha vivuli vya karibu hivyo bila kusaidiwa, na msaada ni dirisha la picha. Dirisha la kawaida la ubongo lina upana wa 80 na kitovu 40, yaani kila kilicho chini ya 0 ni cheusi na kila kilichozidi 80 ni cheupe. Libane: upana 40, kitovu 40. Sasa mwanga wote wa kioo unagawanywa kati ya 20 na 60, na tofauti ya vipimo 10 inakuwa robo ya upana wa dirisha badala ya sehemu ya nane. Picha inaonekana chafu, yenye chengachenga, na fundi asiyezoea ataona aibu kuitoa. Aitoe tu. Kazi hiyo inachukua sekunde tano kwenye kompyuta, na wakati mwingine ndiyo tofauti kati ya kuiona insula (gamba la ndani tutakalolirudia) iliyofutika na kuandika "kawaida".

Weupe kwanza

Msomaji anaanza na damu. Donge jipya linang'aa, na mahali lilipo panaeleza chanzo. Presha ya miaka mingi hupasua mishipa midogo ya sehemu za ndani: viini viitwavyo putameni na talamusi, shina la ubongo, ubongo mdogo wa kisogoni. Damu iliyo karibu na gamba la nje, hasa kwa kijana au kwa mama aliyejifungua juzi, iamshe maswali mengine: mshipa ulioumbwa vibaya, uvimbe, au veni (mshipa unaorudisha damu) kubwa iliyoziba.

Ukubwa unapimwa kwa hesabu ya kichwa. Chagua ukurasa, yaani kipande kimoja cha picha, ambao donge ni kubwa zaidi. Pima urefu wake, pima upana unaokatiza urefu huo, kisha hesabu kurasa ambazo donge linaonekana na uzidishe kwa unene wa ukurasa ili upate kimo. Zidisha vitatu hivyo kwa sentimita, gawa kwa 2. Donge la sentimita 5 kwa 4, linaloonekana kwenye kurasa 6 za milimita 5, lina kimo cha sentimita 3: 5 × 4 × 3 ni 60, ukigawa kwa 2 ni mililita 30. Kwa donge la juu ya shina la ubongo, 30 ni mpaka unaoogopwa. Kurasa za pembeni ambazo donge linaonekana kama ukungu zihesabiwe nusu au ziachwe, la sivyo utaongeza damu isiyokuwepo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu wanaopigwa picha mapema donge lake huendelea kukua, kwa hiyo akianza kusinzia picha inarudiwa bila kungoja kesho.

Si kila cheupe ni damu, na si kila damu ni nyeupe. Chokaa ya viini vya ndani, ya tezi ya pineali au ya vyumba vya maji hupita 100, na mara nyingi iko pande zote mbili kwa usawa. Weka mshale wa kompyuta juu yake usome namba. Upande wa pili ni mtego unaotuhusu sana kwetu. Weupe wa damu unatokana hasa na protini ya hemoglobini. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kwa malaria ya kurudiarudia, selimundu au uzazi, mwenye hemoglobini ya 7 au 8, anaweza kumwaga damu inayofanana na ubongo kwa rangi. Donge lipo, haling'ai. Linagunduliwa kwa jinsi linavyosukuma vitu: mstari wa kati umehama, chumba cha maji kimebanwa. Atakayeiangalia rangi peke yake atalipita.

Picha hii ya kwanza hupigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa. Dawa ikitangulia, weupe wake na weupe wa damu vinachanganyika, na swali lililokuwa rahisi linakuwa gumu. Baada ya damu kukataliwa ndipo dawa inaweza kutumika kuonyesha mishipa kuanzia kifuani hadi utosini, ikipita kwenye sindano pana ya kiwiko. Sindano ndogo ya mgongo wa kiganja hupasuka kwa msukumo wa mililita 4 kwa sekunde, na mkono unavimba.

Kisha vivuli

Damu haipo. Sasa angalia mishipa kabla ya nyama. Ateri ya kati ya ubongo, mshipa mkubwa unaopeleka damu pembeni mwa ubongo, ikiwa na donge inaonekana kama uzi mweupe unaotoka katikati kwenda pembeni, karibu na msingi wa fuvu. Kipande cha mbele zaidi kikiziba, ni nukta nyeupe moja kwenye bonde la Sylvius, mfereji wa pembeni mwa ubongo. Kwenye kurasa nene za milimita 5 uzi huo hupotea. Omba kurasa za milimita 1. Ukiiona mishipa yote miwili inang'aa sawasawa, usifurahi: huenda damu ni nzito tu, au kuta zina chokaa. Ateri ya basila, mbele ya shina la ubongo, nayo itazamwe kila mara. Huko nyuma mifupa ya masikio hutupa mistari ya giza inayokatiza picha, na ndiyo sababu kiharusi cha shina la ubongo hupotea kwenye skana kuliko kingine chochote.

Kwenye nyama, mahali pa kwanza ni insula, gamba lililofichwa ndani ya bonde la Sylvius. Kwa kawaida lina utepe mwembamba unaong'aa. Liko mbali na msaada wa ateri ya mbele na ya nyuma, hivyo ateri ya kati ikiziba, utepe unafutika mapema. Mahali pa pili ni kiini cha lentifomu, kilicho upande wa ndani wa insula, kama dengu. Kinalishwa na vijiateri visivyo na jirani wa kuvisaidia. Kingo zake zikianza kuyeyuka ndani ya sehemu nyeupe ya pembeni, huenda saa moja au mbili tu zimepita. Mahali pa tatu ni gamba la juu, pale mikunjo inapojaa na mpaka wa kijivu na nyeupe unapofifia. Mikunjo iliyojaa bila kufifia kwa rangi ni jambo jingine: inaweza kuwa mishipa iliyotanuka kutafuta damu, na nyama hiyo bado ni hai.

Mwaka 2000 madaktari wa Calgary, Kanada, walitoa njia ya kuhesabu yote haya, ASPECTS. Eneo la ateri ya kati linagawanywa vipande 10: kaudeti, lentifomu, kapsula ya ndani, insula, na vipande sita vya gamba, vitatu kwenye kimo cha viini na vitatu juu yake. Unaanza na 10, unatoa 1 kwa kila kipande kilichofifia. Kumi ni picha safi, sifuri ni eneo zima limekufa. Tunaipenda njia hii kwa sababu moja hasa: inamlazimisha msomaji apite kila kipande badala ya kutupa jicho na kuandika "kawaida". Lakini inahusu ateri ya kati peke yake. Kiharusi cha ubongo mdogo kina ASPECTS 10, na kinaweza kuua. Kovu la kiharusi cha zamani, jeusi kama maji na lenye kingo kali, halitolewi alama.

Kichwa kilicholala upande huharibu kila kitu tulichosema. Kikiinama digrii chache, ukurasa mmoja unakata insula ya kushoto na kupita juu ya ile ya kulia, na msomaji anaona tofauti isiyokuwepo. Kidevu kiinamishwe kidogo, utepe ukaze paji la uso, hereni na vibanio vitoke. Sekunde kumi za kunyoosha kichwa zinafaa kuliko nusu saa ya kubishana juu ya picha. Umeme ukikatika na mashine kuwashwa upya, bomba la miale lipashwe moto na mashine isahihishwe kabla ya mgonjwa. Mashine ambayo maji yake yanasoma 5 badala ya 0 inakupa namba usizoweza kuziamini.

IRM (MRI kwa Kiingereza, picha ya sumaku), mahali ilipo, inaona mapema zaidi. Picha yake ya mwendo wa maji mara nyingi huwaka ndani ya dakika. Lakini mgonjwa asicheleweshwe akiisubiri kama skana ipo chumba cha pili.

Saa iliyo kwenye karatasi

Alteplazi, dawa ile ya kuyeyusha donge, hutolewa kwa miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi 90, ndani ya muda wa saa 4 na nusu. Muda huo unahesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Saa aliyokutwa ameanguka siyo ya kuhesabia. Swali la kuuliza ni hili: "Mama, mlimuona papa mzima mara ya mwisho saa ngapi?" Kama aliamka hivyo, saa ni ile aliyolala. Kama hakuna saa ukutani, tafuta alama: kabla ya misa ya kwanza, baada ya watoto kwenda shule.

Halafu kuna mtego wa lugha zetu mbili. Mama anasema "saa mbili ya asubuhi". Kwenye karatasi ya Kifaransa hiyo ni 8h00. Aliyechoka akiandika 2h00, mgonjwa ameongezewa saa sita za ugonjwa ambazo hakuwa nazo, na mlango wa dawa umefungwa kwa kosa la kalamu. Kosa la kinyume ni baya zaidi: "saa nane ya usiku" ikiandikwa 8h00, mtu ambaye muda wake umeshapita anapewa dawa inayoweza kumtoa damu kichwani. Andika namba ya Kifaransa, kisha isome kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya familia.

Anayeteremshwa kwa kipoyi (machela ya kubebwa na watu) kutoka milima ya Kabare, au anayengoja boti kisiwani Idjwi, mara nyingi atafika siku ya pili. Picha yake ni nyingine kabisa: giza limejitokeza wazi, lina umbo la eneo la ateri, na uvimbe unaendelea kupanda mpaka siku ya 3 hadi ya 5. Hapo swali ni kama mstari wa kati unahama, au kama ubongo mdogo uliovimba unaziba njia ya maji, jambo linalohitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Kati ya wiki ya 2 na ya 3 kuna mzaha wa ajabu: giza linaweza kujificha tena na picha ikarudi kuonekana safi, kabla kovu halijatokea. Skana isiyo na tarehe ya dalili juu yake, katika wiki hizo, haisomeki.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kuomba picha, andika saa aliyoonekana mzima, upande uliolala, kama maneno yamepotea, hemoglobini kama inajulikana, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Msomaji anayejua kuwa mkono wa kulia umelala ataitazama insula ya kushoto mara mbili. Na pale picha inapotolewa, ndugu waombe diski pamoja na filamu. Filamu imechapishwa kwa dirisha moja, na hakuna munganga, hata wa hospitali kubwa kiasi gani, anayeweza kulibana dirisha la plastiki akiiinua mbele ya taa.